Kukusanya sarafu za fedha za miji ya Ujerumani, 1500 hadi 1806: mwongozo wa hatua kwa hatua

Kabla ya mwaka 1806 hapakuwa na nchi moja iitwayo Ujerumani, wala sarafu moja ya Kijerumani. Ndani ya Dola Takatifu la Kirumi kila mwenye haki ya kugonga sarafu aligonga yake: wafalme, maaskofu, mabwana wadogo, na miji. Mwongozo huu unahusu miji peke yake. Nürnberg, Augsburg, Frankfurt, Regensburg, Köln na Lübeck ilikuwa miji huru iliyomtii kaizari moja kwa moja. Hamburg na Bremen pia, ingawa baada ya mabishano marefu na majirani zao. Braunschweig, Hildesheim, Emden na Erfurt ilikuwa na bwana juu yake, lakini iligonga sarafu kwa jina lake yenyewe.

Sarafu za mji ni nyepesi kuzizoea kuliko za mtawala. Hakuna ukoo wa kufuatilia, nembo inabaki ileile kwa karne tatu, na upande wa pili mara nyingi kuna jina la kaizari linalokupa kipindi hata kama mwaka umefutika.

Hatua ya 1: Chagua mji mmoja

Anayeanza kwa kununua kila kinachong'aa atajikuta na boksi la vipande visivyojuana. Chukua mji mmoja, ujue nembo yake, vifupisho vyake na alama za mafundi wake, ndipo uvuke mpaka. Tunapendekeza mojawapo ya njia hizi.

Nürnberg ndiyo chaguo salama kuliko yote. Iligonga nyingi, kwa muda mrefu, kuanzia fenigi nyembamba zenye chapa upande mmoja hadi taleri, yaani sarafu kubwa za fedha, zenye mandhari ya mji mzima, na imeandikwa kwa kina: katalogi ya Kellner inatajwa karibu kila mnada unaouza sarafu za mji huo. Kroitsa na nusu batzi, ambazo ni sarafu ndogo, zilizochakaa kidogo hupatikana kwa makumi ya euro. Taleri nzuri ni mamia.

Hamburg na Lübeck zinamfaa anayependa hesabu safi. Katika karne ya 17 taleri moja ilihesabiwa kuwa mark 3, na kila mark shilingi 16, hivyo taleri ni shilingi 48. Shilingi na shilingi mbili za miji hii ni nyingi, na unaweza kujenga mfululizo wa miaka bila kufilisika. Kwa Lübeck namba za katalogi utakazokutana nazo ni za Behrens. Kwa Bremen ni za Jungk. Kwa Frankfurt ni za Joseph na Fellner. Taleri za miji yote zina pia namba za Davenport, na sarafu za kila ukubwa za tangu 1601 zina namba za Krause, zinazoandikwa KM.

Emden ni kwa mtu anayetaka kipande kikubwa cha fedha cha karne ya 17 kwa bei ya sarafu ndogo. Stuba 28 zake, yaani sarafu zenye thamani ya stuba 28 (stuba ni pesa ndogo ya huko), ziligongwa kwa wingi tangu 1624 na zimebaki kwa wingi. Tutairudia sarafu hii chini, kwa sababu ni darasa zuri.

Frankfurt na Regensburg zinafaa ukipenda karne ya 18: taleri zilizogongwa kwa mashine, za mviringo kamili, maandishi yanasomeka. Regensburg ina mandhari ya mji ikiwa na mto Danube na daraja la mawe. Frankfurt ina taleri ya 1796 iliyogongwa kwa vyombo vya fedha vya makanisa na vya wananchi ili kulipa fidia iliyodaiwa na jeshi la Ufaransa, na maandishi yake yanasema hivyo waziwazi: AUS DEN GEFAESSEN DER KIRCHEN UND BURGER.

Usianzie kwenye miji midogo kama Donauwörth au Kaufbeuren. Ni adimu na bei zake hazina mazoea. Wala usianzie kwenye sarafu za 1619 hadi 1623, miaka ya fedha chafu, ambapo viwanda vingi vya sarafu vilipunguza fedha na kuongeza shaba kila mwezi. Hizo ni taaluma peke yake.

Hatua ya 2: Vifaa

Mzani wa dijitali unaosoma gramu 0.01, pamoja na jiwe la gramu 100 la kuusahihisha. Mzani wa jikoni unaosoma gramu nzima haufai kabisa. Kalipa ya milimita, ya plastiki au yenye midomo iliyofunikwa utepe, maana chuma tupu huacha mkwaruzo kwenye ukingo. Lenzi ya kukuza mara 10. Taa moja ya mezani inayosogezwa: mwanga wa juu huficha, mwanga wa kutoka ubavuni hufichua. Sumaku ndogo kali. Bilauri ya kioo na uzi mwembamba wa nailoni, ule wa kuvulia samaki. Asetoni safi kutoka duka la kemikali; dawa ya kuondolea rangi ya kucha haifai kwa kuwa imechanganywa mafuta na manukato.

Tandika kitambaa laini mezani. Shika sarafu kwa ukingo, vidole viwili, na usiiongelee kwa karibu: mate yanayoruka huacha madoa ambayo hayaonekani leo ila baada ya miezi.

Hatua ya 3: Soma sarafu kabla hujaangalia bei

Maandishi ni ya Kilatini, yamekatwakatwa ili yaenee kwenye duara. Anza kutafuta msalaba, nyota au ua dogo juu kabisa, pale namba 12 inapokaa kwenye uso wa saa. Hapo ndipo sentensi huanzia. V inasimama pia kwa U, na I kwa J. Fomula ya kawaida ni MONETA NOVA ARGENTEA, yaani sarafu mpya ya fedha, ikifupishwa MO NO ARG, halafu CIVITATIS au REIPVBLICAE, halafu jina la mji. Majina yenyewe ndiyo yanayowapoteza wengi: NORIMBERG ni Nürnberg, AVG VIND au AVGVSTA VINDELICORVM ni Augsburg, RATISBON ni Regensburg, AQVISGRAN ni Aachen, COLON au AGRIPPIN ni Köln, EMB au EMBDEN ni Emden.

Nembo husaidia pale maandishi yalipolika. Ngome yenye minara mitatu ni Hamburg. Ufunguo mmoja ni Bremen. Funguo mbili zilizopishana ni Regensburg. Mataji matatu juu ya ngao ni Köln. Tunda la msonobari ni Augsburg. Ngao iliyopasuliwa wima, nusu tai upande mmoja na mistari ya mshazari upande mwingine, ni Nürnberg. Binti aliyesimama juu ya lango la ngome ni Magdeburg. Tai mwenye taji na kichwa kimoja anaelekeza Frankfurt, lakini tai peke yake asikupe haraka: tai wa vichwa viwili ni wa kaizari na yuko kwenye sarafu za miji mingi.

Sasa jina la kaizari. Rudolf II alitawala 1576 hadi 1612, Matthias 1612 hadi 1619, Ferdinand II 1619 hadi 1637, Ferdinand III 1637 hadi 1657, Leopold I 1658 hadi 1705, Joseph I 1705 hadi 1711, Karl VI 1711 hadi 1740, Karl VII 1742 hadi 1745, Franz I 1745 hadi 1765, Joseph II 1765 hadi 1790. Angalia namba baada ya jina kwa lenzi. Tofauti ya Ferdinand II na Ferdinand III ni kijiti kimoja tu, na pale penye kugongwa vibaya kijiti hicho ndicho cha kwanza kupotea.

Chukua stuba 28 ya Emden kama zoezi. Uso mmoja una ngao ya mji: kiumbe mwenye kichwa cha mwanamke na mabawa, akitokeza juu ya ukuta, na mawimbi chini. Maandishi ni FLOR ARGEN CIVITAT EMB kwa vifupisho vinavyobadilikabadilika, yaani guldeni ya fedha ya mji wa Emden. Upande wa pili kuna tai wa vichwa viwili, kifuani ana tufe, ndani ya tufe namba 28. Mwaka haupo. Ukisoma FERDINAND II unajua ni 1624 hadi 1637; ukisoma III ni kuanzia 1637. Kipenyo ni karibu milimita 40 na uzito kwa kawaida gramu 17 hadi 20. Karibu zote ni dhaifu katikati, kwa sababu kipande cha fedha kilikuwa kipana na chembamba na mihuri ya chuma ya kugongea haikukigusa sawasawa. Kwa hiyo tai asiye na manyoya kifuani si lazima awe amechakaa. Linganisha na herufi za pembeni: zikiwa kali na katikati pamelala, huo ni ugongaji dhaifu, zikiwa zimelala zote, ni matumizi. Baadhi zina muhuri mdogo uliopigwa juu yake 1693 huko Uholanzi, mfano herufi HOL, ili ziendelee kupokelewa. Muhuri huo hauhesabiwi kuwa kasoro, na wapo wanaozitafuta hizo tu.

Mwisho tafuta herufi ndogo au alama za msimamizi wa kiwanda au mchonga mihuri, mara nyingi chini ya nembo au pande mbili za tai. OHK kwenye sarafu za Hamburg za nusu ya pili ya karne ya 18 ni Otto Heinrich Knorre. PCB ya Frankfurt ni Philipp Christian Bunsen. Kwato za chuma za farasi kwenye sarafu za Augsburg ni za Holeisen. Alama hizi zikipingana na mwaka, simama.

Hatua ya 4: Pima uzito na ulinganishe na sheria ya wakati ule

Kipimo cha msingi kilikuwa mark ya Köln, hapa ikiwa ni uzito na si pesa, gramu 233.856. Usafi wa fedha ulihesabiwa kwa loti: loti 16 ni fedha tupu, na kila loti ina sehemu 18.

Sheria ya sarafu ya 1559 ilitoa guldeni ya kroitsa 60, uzito gramu 24.6, usafi 0.931. Utaitambua kwa namba 60 ndani ya tufe. Nürnberg iligonga nyingi. Sheria ya 1566 ikaikubali taleri: vipande 8 kutoka mark moja ya mchanganyiko, yaani gramu 29.23 kila kimoja, usafi wa loti 14 na sehemu 4, sawa na 0.889. Kipimo hicho ndicho kilichofuatwa na taleri nyingi za miji za karne ya 17.

Mwaka 1753 Austria na Bavaria zilikubaliana taleri mpya, vipande 10 kutoka mark moja ya fedha tupu. Uzito gramu 28.06, usafi 0.833. Miji ya kusini ikaufuata, na ndiyo maana kwenye taleri za Nürnberg, Frankfurt na Regensburg unasoma X EINE FEINE MARK. Nusu yake ni gramu 14.03, kroitsa 20 ni gramu 6.68 na kroitsa 10 ni gramu 3.90. Msomaji wa Unguja, Mombasa au Muscat huenda ameshashika sarafu ya kipimo hiki bila kujua: riale ya Maria Theresa ya 1780, iliyotembea pwani yetu na Ghuba katika karne ya 19, ni taleri ya kipimo hichohicho. Ukiwa nayo nyumbani, itumie kuzoesha mkono na mzani.

Kiasi gani cha upungufu kinakubalika? Taleri iliyochakaa kiasi hupoteza sehemu ndogo ya gramu, pengine nusu gramu. Ikipungua zaidi ya gramu moja na bado michoro ni mikali, kuna tatizo: imepunguzwa ukingo, imetolewa kitanzi, au ni bandia. Sarafu ndogo zina kanuni nyingine. Kroitsa na fenigi hazikupimwa moja moja. Kiwanda kilihesabu idadi kwa kila mark, basi. Mbili zilizotoka siku moja zinaweza kutofautiana kwa sehemu ya tano ya uzito, na zote ni halali.

Hatua ya 5: Pima uzito wa ujazo

Uzito wa ujazo ni mara ngapi sarafu ni nzito kuliko maji ya ujazo uleule. Jaribio hili halidhuru sarafu na hukamata bandia nyingi. Jaza bilauri maji nusu, dondosha tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo, iweke juu ya mzani na uurudishe kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi, izamishe yote ikining'inia, bila kugusa chini wala ubavu. Soma namba. Kisha gawanya uzito wa sarafu hewani kwa namba hiyo.

Mfano: taleri ya gramu 28.02, mzani unasoma 2.75 ikiwa majini. 28.02 ukigawa kwa 2.75 ni 10.19. Fedha ya 0.833 inatakiwa kuwa karibu 10.2, ya 0.889 karibu 10.3, ya loti 12, yaani 0.750, karibu 10.1. Shaba ni 8.96 na shaba nyeupe za aina mbalimbali ziko chini ya 9. Ukipata 8.7 kwa taleri, rudisha.

Mambo matatu huharibu jibu. Mapovu yaliyonasa kwenye michoro huongeza namba ya majini na kushusha jibu. Sabuni ipo kwa ajili hiyo, na ukitikisa uzi kidogo yataondoka. Sarafu ikigusa chini, mzani unabeba sehemu ya uzito wake na jibu linaanguka vibaya. La tatu ni ukubwa: sarafu ya gramu 1 inahamisha maji gramu 0.10 tu, hivyo kosa la 0.01 ni asilimia kumi nzima. Chini ya gramu 5 usilitegemee jaribio hili.

Sarafu za miaka ya fedha chafu zilichemshwa kwenye asidi hafifu ili shaba ya juu iondoke na uso uwe mweupe. Zikiwa mpya zilionekana fedha safi. Wekundu unaojitokeza kwenye sehemu zilizoinuka za sarafu ya 1621 kwa hiyo hauithibitishi kuwa bandia. Ni shaba iliyokuwemo tangu kiwandani.

Sumaku ni ya sekunde moja: ikinata, si fedha. Isiponata haijathibitisha kitu.

Hatua ya 6: Tenga kasoro za kuzaliwa na majeraha

Hapa ndipo pesa hupotea au kuokolewa, kwa hiyo tulia.

Sarafu za nyundo za karne ya 16 hazina mviringo kamili na maandishi hutoka nje ya ukingo. Baadaye viwanda vingi vilitumia rola: mihuri ilichongwa juu ya mitungi miwili, ukanda wa fedha ukapitishwa katikati, sarafu zikakatwa baadaye. Sarafu ya rola huwa imepinda kidogo, na mara nyingine ina umbo la yai. Iweke juu ya kioo uone. Usiinyooshe kamwe, itapasuka, na kupinda huko ni ushahidi kuwa ni halisi. Kipande kilichokatwa mwishoni mwa ukanda kina upande uliopungua au ulionyooka. Katalogi za Kijerumani huandika Zainende. Tundu au ufa uliokuwemo kwenye fedha kabla ya kugongwa huitwa Schrötlingsfehler.

Mistari sambamba ya tupa katikati ya uso huwatisha wageni. Fundi alipoona kipande kizito kupita kiasi alikikwangua kabla ya kukigonga. Katalogi huandika justiert. Namna ya kuitambua: mistari hiyo inakatika au kufifia pale michoro ilipoinuka, kwa kuwa muhuri uliisaga. Mkwaruzo wa baadaye hupita juu ya kila kitu, michoro na uwanja, yaani sehemu tambarare isiyo na mchoro.

Majeraha sasa. Taleri nyingi zilivaliwa kama vidani, zikatiwa kwenye minyororo ya mavazi ya sherehe ya Bavaria, au zikapachikwa kwenye vikombe vikubwa vya fedha. Athari ya kitanzi, Henkelspur, itafute kwenye ukingo wenyewe, kwenye namba 12 ya saa, juu ya kichwa au nembo. Izungushe sarafu chini ya mwanga wa ubavuni: ukingo halisi una mwendo mmoja, palipolehemiwa pana weupe tofauti, vitone vya madini yaliyoyeyuka, au milimita mbili tatu zilizopigwa tupa. Kagua pia kwenye namba 6, 3 na 9, maana iliyokuwa kwenye kikombe ilishikwa pande nne. Tundu lililozibwa, gestopftes Loch, hujulikana kwa herufi moja ya maandishi iliyochongwa upya yenye unene usiolingana na jirani zake. Rangi ya dhahabu iliyobaki kwenye kona za herufi ina maana iliwahi kuchovywa dhahabu.

Jeraha baya kuliko tundu, kwa maoni yetu, ni kulainishwa. Muuzaji amekwangua uwanja ili kuondoa mikwaruzo, kisha akang'arisha. Kwenye picha inapendeza. Kwa lenzi utaona uwanja una mawimbi, na kando ya kila herufi kuna kijifereji ambapo chombo kilizunguka. Katalogi nzuri huandika geglättet, bearbeitet au poliert. Sarafu yenye tundu wazi iliyouzwa kama yenye tundu ni biashara ya haki. Iliyolainishwa na kuuzwa kama nzuri ni hasara utakayoigundua siku ya kuuza.

Hatua ya 7: Bandia

Bandia ya kumiminwa kwenye kalibu ina uso wenye vipunje na vitobo vya hewa, herufi zenye mabega ya mviringo, na mshono kwenye ukingo, au ukingo uliopigwa tupa kuzunguka wote ili kuuficha. Mara nyingi ni nyepesi, au ni nene kuliko kawaida ili kufidia uzito. Bandia ya kisasa ya kugongwa ni ngumu zaidi, lakini mihuri yake hutengenezwa kutokana na sarafu moja halisi, pamoja na makovu yake. Ukiona taleri mbili zenye kovu lilelile mahali palepale, angalau moja ni bandia, na huenda zote.

Kwa hiyo kabla ya kununua, tafuta picha za aina hiyohiyo kwenye hifadhi za minada ya zamani mtandaoni na kwenye katalogi ya mtandaoni ya Münzkabinett, makumbusho ya sarafu ya Berlin, ambayo ni bure. Linganisha mkao wa herufi moja moja dhidi ya mchoro: ncha ya bawa inaelekea herufi gani? Hapo pia utaona kama ni muhuri uliokwisha kujulikana.

Hatua ya 8: Kununua mnadani

Nyumba za minada za Ujerumani hutumia vifupisho. s ni iliyochakaa sana lakini inasomeka, ss ni iliyochakaa kiasi, vz ni iliyochakaa kidogo mno, st au stgl ni haijatumika. f. mbele yake ni karibu kufikia, kwa hiyo f.ss iko chini ya ss. Hsp. ni athari ya kitanzi, Rf. ni jeraha la ukingo, l. ni kidogo. Soma maelezo hadi nukta ya mwisho. Kasoro huwekwa mwishoni kwa herufi tatu.

Bei inayotangazwa nyundo ikigongwa si unayolipa. Kuna ada ya mnunuzi, Aufgeld, mara nyingi asilimia 20 hadi 25. Piga hesabu kinyumenyume. Una euro 300 zote. Ondoa 30 za kutuma na bima, zinabaki 270. Gawanya kwa 1.25, dau lako la mwisho ni 216. Ushuru na kodi za kwenu bado, na hizo zinaanza kwenye jumla, hazianzi kwenye 216. Liandike dau hilo kabla ya mnada kuanza.

Ukinunua ukiwa nje ya Umoja wa Ulaya, uliza kama kodi ya Ujerumani inaondolewa kwenye ankara. Mwombe muuzaji aandike kwenye ankara kuwa ni sarafu ya makusanyo yenye umri unaozidi miaka 100, jina la mji, mwaka, uzito na bei halisi. Kifungu cha kimataifa cha ushuru kwa vitu hivyo ni 9705. Ikiandikwa "silver" tu, ofisa ana haki ya kuihesabu kama madini au vito. Usikubali bei ipunguzwe kwenye ankara: kifurushi kikipotea, bima italipa kilichoandikwa. Na uliza mapema kama bima ya posta husika inakubali sarafu, nyingi hazikubali.

Kipande chenye udongo wa juzi na hadithi ya kuchimbuliwa kiache. Katika majimbo mengi ya Ujerumani hazina iliyofukuliwa ni mali ya serikali.

Hatua ya 9: Usafi na kuhifadhi

Usisugue. Si kwa dawa ya meno, si kwa magadi, si kwa limau, si kwa kitambaa cha sonara. Dawa za kuchovya za kung'arishia fedha huondoa weusi pamoja na safu ya juu ya sarafu, na kinachobaki ni weupe mkavu usio na uhai ambao kila mnunuzi anautambua. Weusi wa kijivu uliokaa miaka mingi unapandisha bei; uache.

Kinachoruhusiwa ni kuondoa mafuta na mabaki ya plastiki. Weka asetoni kwenye chombo cha kioo, dirisha wazi, mbali na moto. Loweka dakika kumi, itoe kwa kibano cha plastiki ngumu kisichoyeyuka au mbao, suuza kwa asetoni safi, iache ikauke yenyewe. Ute wa kijani uliotokana na mifuko laini ya PVC huondoka kwa njia hii. Ukikaa muda mrefu hula fedha, na shimo halizibiki.

Hifadhi kwenye vifuko vya poliesta au vikasha vya duara vya plastiki ngumu. Mifuko inayonukia kama pazia jipya la bafuni ni PVC, itupe. Mpira wa kufungia pesa, sufu na kadibodi za kawaida zina salfa. Kabati la mwaloni hutoa mvuke wa asidi. Mninga mkavu au mahogani ni afadhali. Kwa wakazi wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, unyevu wa bahari una chumvi: tumia boksi lenye kifuniko cha mpira wa silikoni, weka mifuko ya silika jeli, na ikaushe kwenye oveni silika inapobadilika rangi. Fungua boksi asubuhi kavu, si baada ya mvua.

Hatua ya 10: Kadi

Kila sarafu iwe na kadi yake siku ileile inapofika: mji, thamani, mwaka au kaizari, alama za fundi, uzito kwa desimali mbili, kipenyo, uzito wa ujazo, namba ya katalogi, kasoro, ulikoinunua, tarehe na gharama yote. Mfano: "Emden, stuba 28, bila mwaka, Ferdinand III. 18.94 g, mm 39.6, ujazo haujapimwa. Katikati dhaifu kwa ugongaji, ukingo salama pande zote nne." Piga picha pande zote mbili na ukingo.

Sarafu ikija na kadi ya zamani ya mkusanyaji aliyetangulia, hata kikaratasi cha duara kilichoandikwa kwa wino na kisichosomeka, kitunze kwenye kifuko chake chenyewe nyuma ya sarafu, kisigusane na fedha. Wino wa zamani una asidi, na mnunuzi wa kesho atakilipia.